Aliungua au Aliunguzwa? Mtoto, Rejista na Lugha Yetu

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili, hata aliye katika mwaka wa kwanza, anajua kunyambua kitenzi. Hupewa 'ungua', naye akatoa 'unguza', 'unguzwa', 'unguzia', 'unguzana'. Akapata alama zake, akafunga daftari na kwenda zake. Nami nilifanya hivyo kwa miaka mingi. Ni kazi niliyoifanya nje ya chuo iliyonionyesha uzito wa zoezi hilo. Kati ya 'aliungua' na 'aliunguzwa' pana tofauti ndogo mno katika matamshi, ilhali katika maisha ya mtoto tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama usiku huo atarudishwa nyumbani au hatarudishwa. Katika kauli ya kwanza mna ajali; katika ya pili mna mtu.

Nia ya insha hii ni kuzungumzia suala ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, ni la matabibu, maafisa wa watoto na wataalamu wa kompyuta: namna ya kuunganisha kumbukumbu za hospitali na kumbukumbu za ulinzi wa mtoto, ili mtoto anayedhulumiwa atambuliwe mapema. Si suala dogo. Katika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanywa nchini Kenya mwaka 2019, asilimia 45.9 ya wanawake na asilimia 56.1 ya wanaume wa umri wa miaka 18 hadi 24 walisema walipitia ukatili kabla ya kutimiza miaka 18. Dai langu ni kwamba suala hili ni la lugha kabla ya kuwa la mitambo, na kwa hiyo linatuhusu sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili.

Kabla ya kujiunga na shahada ya uzamili nilikuwa karani wa kumbukumbu, kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, katika kituo kimoja cha afya magharibi mwa Nairobi. Upande huo wa jiji una sura mbili zinazotazamana. Kuna Lavington na Kilimani, penye kuta ndefu na mabawabu. Halafu, si mbali na hapo, kuna Kawangware na Kangemi, penye vyumba vya mabati, maji ya mitungi na watu wanaodamka alfajiri kwenda kwa miguu kufanya kazi katika nyumba zile zile zenye kuta. Wagonjwa wetu walitoka katika sura hii ya pili. Walipanga foleni kabla ya jua kuchomoza, kila mmoja na daftari la shule mkononi, maana katika vituo vingi vya umma maelezo ya matibabu huandikwa katika daftari ambalo mgonjwa hujinunulia dukani. Daftari likipotea, au mwenye kulibeba akitaka lipotee, hununuliwa jingine, na historia ya mwili huanza upya katika ukurasa wa kwanza.

Kazi yangu ilikuwa rejista. Wagonjwa wa nje walio chini ya miaka 5 walikuwa na rejista yao, MOH 204A. Waliopita umri huo waliandikwa katika nyingine, MOH 204B. Kila mwisho wa mwezi nilihesabu: wa kuhara wangapi, wa homa ya mapafu wangapi, walioungua wangapi. Nilipiga vijiti vitano vitano, nikajumlisha, na jumla ikapelekwa katika mfumo wa taifa wa takwimu za afya, ambao tangu mwaka 2011 umekuwa ukiendeshwa kwa programu ya DHIS2. Mfumo huo ni hazina kwa anayetaka kujua kama malaria imepanda au imeshuka. Lakini katika jumla hizo mtoto mwenyewe hafiki. Kinachofika ni kijiti chake. Mtoto mmoja aliyeungua mara 3 ni vijiti 3, sawasawa na watoto 3 walioungua mara moja moja.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi hiyo aliletwa msichana mdogo mwenye jeraha la moto mkononi. Muuguzi aliyelisafisha, mama wa makamo tuliyemwita Sista kama ilivyo desturi, aliona pembeni mwake kovu la zamani zaidi lenye umbo lile lile. Mama mtu alipoulizwa alisema, "Aliungua jikoni, Sista. Watoto wa siku hizi hawatulii." Daftari alilolileta lilikuwa jipya, halina neno. Sista akamwelekeza mama kwenye dirisha la dawa, akabaki na mtoto, akamwuliza kwa sauti ya chini, jinsi nyanya amwulizavyo mjukuu:

"Mkono umefanya nini, mama?"

Mtoto akajibu bila kulia: "Nilichomwa na kijiko."

Nilichomwa. Mtenda hakutajwa, ila kijiko. Mwanasarufi makini angesema kwamba 'na' humtambulisha mtenda, na kwamba kifaa hutambulishwa kwa 'kwa'. Mtoto wa miaka mitano hakuhitaji somo hilo. Kwa kiambishi kimoja alikuwa amekwisha kutenganisha jambo lililotokea na jambo lililofanywa.

Sista alinijia masjalani na swali moja: je, huyu amewahi kuja hapa? Jina halikuleta jibu. Nikapekua rejista kwa nambari ya simu, safu ambayo ni nadra mtu kuisoma, na nambari ile ikajitokeza mara mbili zaidi. Mwezi wa Februari, katika rejista ya walio chini ya miaka 5, palikuwa na mtoto mwenye jina la ubatizo na jina la baba mzazi: jeraha la moto. Mwezi wa Mei, katika rejista ya wakubwa, palikuwa na mtoto mwenye jina la kiasili na jina la baba wa kambo: mtulinga umevunjika, alianguka kitandani. Sasa ilikuwa Julai. Kati ya Februari na Mei alikuwa ametimiza miaka 5. Siku yake ya kuzaliwa ilimhamisha kitabu, na ndoa mpya ya mamake ikamhamisha jina. Sista alipompigia simu afisa wa watoto, ukurasa wa nne ukapatikana. Tangu Machi jirani mmoja alikuwa ameripoti kwamba nyuma ya kinu cha kusaga unga kuna mtoto anayelia usiku. Jirani huyo alijua jina la utani tu. Afisa alikwenda, akauliza kwa jina hilo, akaambiwa hakuna mtoto anayeitwa hivyo.

Kurasa 4, majina 3, miezi 5. Hapakuwa na mzembe miongoni mwa walioziandika kurasa hizo. Kila mmoja aliandika alichoambiwa, mahali palipostahili, kwa mwandiko unaosomeka. Yaliyofuata yalikuwa ya afisa, ya polisi na ya mahakama, wala si yangu kuyasimulia. Niliambiwa tu kwamba mtoto alipelekwa kwa nyanya yake, mbali na jiji. Nilibaki na swali ambalo halijanitoka: kurasa hizo zingesomwa pamoja na nani, na lini, lau Sista hangeliona kovu?

Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye kata. Katika mambo ya watoto, kata ni hospitali. Ndiyo inayoingia ndani na kutoka na kidogo cha kilichomo. Tatizo ni kwamba kila kata huteka mara moja, humwaga katika chombo chake, na vyombo havikutani.

Sasa ninasoma katikati ya jiji, na kutoka mtaa huu mtu aweza kutembea kwa miguu hadi Mahakama za Milimani, kisha akaendelea hadi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta bila kuhitaji matatu. Umbali wa hatua si kikwazo. Nilipoanza kusoma kuhusu umbali wa karatasi, nilikuta kwamba fikra ya kuunganisha kumbukumbu ni ya zamani, na kwamba aliyeieleza vizuri zaidi alitumia sitiari ambayo mwanafasihi hawezi kuipita. Mwaka 1946 mwanatakwimu wa Marekani, Halbert Dunn, aliyafananisha maisha ya kila mtu na kitabu: kuzaliwa ni mwanzo wake, kifo ni mwisho wake, na kila tukio linalosajiliwa katikati ni ukurasa. Kuunganisha kumbukumbu, alieleza, ni kuzikusanya kurasa hizo katika jalada moja.

Mwaka huo huo wa 1946 daktari wa eksirei, John Caffey, alichapisha habari za watoto wachanga 6 waliokuwa na damu iliyovilia chini ya utando wa ubongo pamoja na mivunjiko ya mifupa mirefu, bila maelezo ya ajali inayotosha kuifafanua. Katika picha za namna hiyo mvunjiko unaopona na mvunjiko mbichi huonekana bega kwa bega. Mwili wenyewe umehifadhi tarehe. Mwaka 1962 Henry Kempe na wenzake, walioandika kutoka Denver, walilipa jambo hilo jina la kitabibu, na madaktari wakaanza kuliangalia. Sista hakuwa na eksirei. Alisoma makovu 2, moja jipya na moja kongwe, akafikia hitimisho la aina ile ile. Kuunganisha kumbukumbu ni kujaribu kuufanya usomaji huo usitegemee bahati ya jicho la mtu mmoja. Huko Australia Magharibi mfumo wa kuunganisha data ulioanzishwa mwaka 1995 umewawezesha watafiti kuweka pamoja kumbukumbu za kuzaliwa, za kulazwa hospitalini na za ulinzi wa mtoto, wakaona mfululizo ambao daftari moja pekee lisingeuonyesha.

Lakini mfululizo huo huhitaji uzi, na uzi wa kwanza ni jina. Hapa ndipo lugha inapoingia. Mojawapo ya mbinu kongwe za kulinganisha majina yaliyoandikwa tofauti ni Soundex, iliyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1918. Herufi ya kwanza ya jina huhifadhiwa, irabu huachwa, na konsonanti zinazokaribiana kimatamshi hupewa tarakimu moja. Niliijaribu kwa kalamu na karatasi juu ya majina ya kwetu. Wambui na Wamboi hutoa W510 yote mawili, na hilo ni jema. Lakini Jebet hutoa J130 na Chebet hutoa C130, ingawa huenda ni msichana yule yule wa Kikalenjin aliyeandikwa na makarani wawili. Kwa upande mwingine Wanjiku na Wangeci, majina mawili yasiyohusiana, hutoa W522 yote mawili. Mbinu iliyotungwa kwa masikio ya Kiingereza huwatenga walio mmoja na kuwaunganisha walio wawili. Tukumbuke pia kwamba kwa Wagikuyu kifungua mimba wa kike hupewa jina la nyanya mzaa baba, hivi kwamba binamu kadhaa katika ploti moja waweza kuwa na jina moja. Programu isiyojua desturi hiyo itamshuku mzazi asiye na hatia na kumpita mwenye nayo.

Uzi wa pili ni maneno yenyewe. Katika kituo chetu mtoto alisema kwa Kiswahili, au kwa Sheng, au kwa lugha ya mamake; mzazi akasema kwa Kiswahili; afisa wa kliniki akaandika kwa Kiingereza. Katika safari hiyo fupi kutoka mdomoni hadi kalamuni, kinachopotea kwanza ni kauli ya kitenzi. 'Alianguka' na 'aliangushwa' huishia katika nomino moja ya Kiingereza yenye maana ya kuanguka. 'Aliungua', 'alijiunguza' na 'aliunguzwa' huishia katika nomino moja yenye maana ya jeraha la moto. Nomino haina mtenda. Kiswahili kilikuwa kimemhifadhi mtenda, au angalau kiti chake kitupu, ndani ya kiambishi '-w-', na rejista ikamfuta.

Kuna maneno yanayopotea kwa njia nyingine, nayo ni ya tasfida. Mtoto wa Kenya aliyetendewa unyama wa kingono aghalabu husema, "Alinifanyia tabia mbaya." Asiyeijua lugha hiyo atadhani ni kesi ya utovu wa adabu. Mahakama zetu zimelazimika kulitafakari jambo hili. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba mahakama za nchi hii zimekubali tasfida za namna hiyo katika ushahidi wa watoto, kwa kuwa mtoto huona haya na uchungu kuyataja mambo waziwazi. Hakimu, basi, amefunzwa kuisikia tasfida. Programu inayotafuta maneno ya hatari katika kumbukumbu itaifahamu vipi, ikiwa sisi wenye lugha hatujaikusanya na kuifafanua?

Itakumbukwa kwamba kwa dhuluma za kingono kuna daraja la karatasi: fomu ya MOH 363, inayojazwa kwa nakala 3 ili hospitali, polisi na mhusika kila mmoja abaki na yake. Kwa mkono uliounguzwa daraja la namna hiyo sikuliona. Fomu ya P3 huanzia polisi, na kwa polisi haendi mtu mpaka awe ameshaamini kwamba aliloliona ni kosa. Imani hiyo ndiyo adimu. Mara ngapi nilisikia dirishani, kutoka kwa mtu mzima aliyeshika mkono wa mtoto mwenye alama za mshipi, ile methali yetu ya mchelea mwana kulia? Methali ni hekima, lakini hutumika pia kama pazia. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya aina zote za ukatili, na inaagiza kwamba maslahi yake ndiyo yawe ya kwanza. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeijenga haki hiyo kwa urefu. Kati ya sheria na pazia amesimama karani, na kalamu yake.

Wenzangu wa fasihi wataniuliza: mbona vitabu vyetu havikushindwa kuyaona haya? Katika 'Nyota ya Rehema' ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976) twamwona Rehema akiteswa katika nyumba ya babake mwenyewe. Katika 'Chozi la Heri' ya Assumpta Matei (2017) twakutana na msichana anayedhulumiwa na baba wa kambo, na mama mzazi akishiriki katika kuificha siri. Sisi wasomaji twayajua yote hayo kwa sababu riwaya inaye msimulizi maizi, anayeingia kila chumba na kukumbuka kila sura. Jiji halina msimulizi wa aina hiyo. Lina wasimulizi wengi wenye ujuzi finyu: mmoja aliona jeraha, mmoja alisikia kilio, mmoja alihesabu siku za utoro shuleni. Anayetaka kuunganisha kumbukumbu anataka, kwa lugha yetu, kumwumba msimulizi maizi. Na kila mhakiki anajua kwamba msimulizi wa namna hiyo ana nguvu za kutisha. Yafaa tumhoji kabla ya kumwajiri.

Waingereza walijaribu. Victoria Climbié, msichana wa miaka 8 kutoka Ivory Coast, alifariki London mnamo Februari 25, 2000 kwa mateso ya jamaa wa kike aliyemleta Ulaya na ya mwanamume aliyeishi naye. Alikuwa ameingizwa nchini kwa pasipoti ya mtoto mwingine, na ofisi zilimjua kwa jina la Anna. Katika mwezi mmoja wa Julai 1999 alipelekwa hospitali 2 tofauti. Katika ya kwanza majeraha yake yalidhaniwa kuwa upele wa kuambukiza. Katika ya pili alifika na kichwa kilichoungua kwa maji ya moto, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba alijimwagia mwenyewe ili kutuliza mwasho. Alijimwagia: tazama kazi iliyobebeshwa kiambishi '-ji-'. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, uliotoa ripoti yake mwaka 2003, ulibainisha nafasi zisizopungua 12 ambazo angeweza kuokolewa. Kutokana na msiba huo ilitungwa sheria mwaka 2004, na sajili ya watoto wote wa Uingereza, ContactPoint, ikaanza kutumika mwaka 2009. Mwaka 2010 serikali mpya iliizima, ikisema inaingilia mno faragha ya familia.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Huko Pittsburgh, Marekani, tangu mwaka 2016 ofisi ya ulinzi wa mtoto imetumia programu inayosoma kumbukumbu za serikali na kuipa kila ripoti alama ya hatari. Wakosoaji walionyesha jambo ambalo mtu wa Kawangware atalielewa upesi: kumbukumbu hizo huwahusu zaidi wale wanaotumia huduma za umma, yaani maskini. Tafakari hali yetu. Mtoto wa Kawangware akiungua hupelekwa kituo cha umma na kuandikwa. Mtoto wa ng'ambo ya ukuta akiungua huitiwa daktari wa familia, na maandishi hubaki kabatini mwa daktari. Tukiziunganisha kumbukumbu za umma peke yake, ramani ya dhuluma itaonyesha doa jeusi juu ya vyumba vya mabati na weupe mtupu juu ya vigae. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo za tajiri ni nzito zaidi kuzifunua.

Liko pia suala la idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 33, inataka mzazi au mlezi akubali kabla ya data za mtoto kushughulikiwa, lakini inawaachilia wale ambao kazi yao pekee ni kutoa ushauri nasaha au huduma za kumlinda mtoto. Neno hilo 'pekee' litawapa mawakili kazi, kwa kuwa hospitali hutibu kwanza, kulinda baadaye. Hata hivyo mtu hahitaji kuwa wakili kuona kitendawili: ikiwa anayeshukiwa ndiye anayeombwa ruhusa, jalada halitafungwa kamwe. Na ikiwa ruhusa haiombwi kabisa, mama aliyesingiziwa hana pa kujitetea, na wengine wataacha kuwaleta watoto hospitalini kwa kuogopa kuandikwa. Mtoto asiyeletwa hana hata ukurasa mmoja.

Msimamo wangu, baada ya kuyapima haya, ni kwamba kumbukumbu ziunganishwe, lakini kwa masharti. Zisomwe na binadamu aliyefunzwa, anayewajibika kwa jina, na anayeuliza kabla ya kuhukumu. Vituo vya binafsi viwekwe chini ya wajibu ule ule wa vile vya umma. Jina lisiwe uzi wa pekee. Na neno la mtoto lihifadhiwe. Kidole kimoja hakivunji chawa: rejista bila afisa wa watoto haitoshi, na ofisi bila jirani anayepiga simu ya bure, nambari 116, haitoshi.

Kwa upande wetu, ninaona kazi 3 ambazo idara ya Kiswahili yoyote jijini yaweza kuzianza bila kungoja fedha nyingi. Ya kwanza ni kukusanya tasfida za watoto wa Nairobi, kwa Kiswahili sanifu na kwa Sheng, na kuzifafanua kwa ajili ya wauguzi, maafisa wa watoto na wakalimani wa mahakama. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu asiseme mada zimekwisha. Ya pili ni kuwasaidia wataalamu wa kompyuta kubuni kanuni za kulinganisha majina zinazofuata fonolojia ya lugha za Kenya: 'j' na 'ch' za Kikalenjin, 'r' na 'l' zinazobadilishana katika vinywa vingi, Mohamed na Muhammad. Sheria ya Afya ya Dijitali ya mwaka 2023 imefungua mlango wa mfumo mmoja wa habari za afya nchini, na kanuni za namna hiyo ni bora ziingizwe mapema kuliko kubandikwa baadaye. Ya tatu ndiyo nyepesi kuliko zote: safu moja katika rejista ambamo kauli ya mtoto itaandikwa kama alivyoitamka, katika lugha aliyoitamkia, bila kutafsiriwa.

Safu hiyo haitagharimu zaidi ya mstari wa wino. Afisa akiipata baadaye katika kituo kingine, chini ya jina jingine, ataikuta '-w-' ikiwa mahali pake, naye atajua la kuuliza.